Mti mwekundu wa Mlowo, simu ya mama na macho ya bibi

Abiria anayetoka Mbeya kwenda Tunduma mwezi Septemba huitambua Mlowo kwa vumbi lake. Malori yanayoelekea Zambia na Kongo yanapita katikati ya mji usiku na mchana. Kandokando ya lami kuna magunia ya maharage, ndoo za parachichi, bodaboda zinazosubiri abiria na akina mama wanaofuta bidhaa zao kwa kitambaa kila baada ya dakika chache. Nyuma ya maduka mashamba yamekauka, mabua ya mahindi yamelala, na huku na huko moshi unapanda kwa sababu kuna watu bado wanasafisha mashamba kwa moto. Kwa mgeni huu ni mwezi wa ukame tu, hakuna cha kuangalia.

Mtoto mmoja wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano, anaona tofauti. Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama yake hajaondoka na simu kwenda sokoni, huiomba kwa dakika 20, akatoka nayo hadi mwisho wa shamba la familia na kupiga picha ya mti mmoja. Mti huo huo, kutoka pale pale alipochomeka mabua mawili ya mahindi kuwa alama. Alianza mwishoni mwa Agosti, mti ulipokuwa umebaki matawi na majani machache ya njano.

Kazi hiyo alipewa na bibi yake.

Shuleni watoto wetu husoma kuwa Ulaya kuna majira manne, na moja kati ya hayo ni majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka na maua kujitokeza. Mtoto akiuliza ya kwetu yako wapi, mara nyingi huambiwa sisi tuna kiangazi na masika, basi. Mlowo kuna jibu jingine. Mji huu uko kwenye nyanda za juu za Mbozi, mkoani Songwe, kilomita chache kabla ya kufika Vwawa, na sehemu hii ya nchi ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanzia Novemba hadi Aprili. Kati ya baridi ya Juni na Julai na mvua ya kwanza kuna wiki kadhaa ambazo ardhi ni kavu kabisa, lakini miti inaanza maisha upya.

Anayeongoza ni mti wa miombo. Misitu ya miombo imetapakaa kutoka magharibi na kusini mwa Tanzania hadi Zambia, Msumbiji na Angola, na zamani sehemu kubwa ya Mbozi ilikuwa hivyo kabla ya kahawa, mahindi na mkaa. Leo kandokando ya Mlowo imebaki miti ya vilimani na mmoja mmoja kwenye mipaka ya mashamba. Mti huo hutoa majani mapya Septemba na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya mvua, kwa kutumia maji yaliyobaki ardhini kwa kina na yale uliyoyahifadhi kwenye shina. Majani hayo hayatoki yakiwa ya kijani. Hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine karibu na zambarau, kutokana na rangi ya asili ambayo wataalamu wa mimea wanaamini hulikinga jani changa na jua kali na wadudu. Baada ya wiki chache wekundu hupungua, kijani kinatawala, na aliyekuwa hatazami hajui kilichopita.

Bibi alikulia katika mashamba ya kahawa na huwa anasema zamani hawakuhitaji kalenda. Miombo ikiwa myekundu, wanawake walianza kutengeneza majembe na kuchagua mbegu. Mbayuwayu wakijipanga kwenye miti, paa lilikaguliwa. Siku hizi hatembei tena hadi mwisho wa shamba, anasema njia ina mashimo. Alichotaka kwa mjukuu wake ni kimoja: "Nenda ukaniangalizie mti, uniambie umefika wapi."

Mjukuu akaona badala ya kusimulia ni afadhali apige picha.

Picha za kwanza hazikuwa na maana. Ya Jumamosi ya kwanza ilikuwa na ukungu mweupe, na ilichukua siku mbili kugundua kuwa ukungu huo ulikuwa mafuta ya maandazi kwenye lenzi ya simu. (Mzazi, futa lenzi ya simu yako sasa hivi kwa nguo safi ya pamba. Wengi wetu tunalaumu simu bure.) Ya pili aliipiga saa sita mchana, akielekea jua, mti ukatoka mweusi kama mkaa. Kuanzia hapo alikwenda kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni kwake, na alipotaka tawi lionekane vizuri alisogea mwenyewe badala ya kuvuta picha kwa vidole. Aliweka kiganja chake kando ya chipukizi ili wiki inayofuata ajue limekua kiasi gani. Hakuna aliyemfundisha hilo la kiganja.

Jumamosi ya tatu alirudi akikimbia. Matawi yalikuwa yamejaa majani madogo, laini, yanayoning'inia kama vitambaa vilivyolowa, na mti mzima ulionekana kama unawaka.

"Bibi, ona. Mti umekuwa mwekundu wote!"

Bibi alichukua simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga. "Mwekundu uko wapi, mjukuu wangu? Haya ni makavu. Ya kahawia haya. Mti huu wameuchoma moto shinani, unakufa."

Wakabishana. Mama, aliyekuwa anafunga mzigo wa maharage, aliongeza mwanga wa kioo hadi mwisho. Bibi akasisitiza ni kahawia. Mama akahitimisha kuwa simu ndiyo imeanza kuharibika, maana iliwahi kudondoka. Mdogo wa kiume, miaka minne, akaulizwa rangi gani. "Nyekundu," akajibu bila kuinua kichwa, akaendelea kuburuta gari lake la kopo.

Hapo ndipo mama alipokumbuka mambo mengine, yaliyokuwa yamepita bila kuunganishwa. Bibi alikuwa ameacha kwenda mikesha ya kanisa kwa sababu, kwa maneno yake, taa za malori zilikuwa "zinapasuka" machoni. Alikuwa anamwaga chai pembeni ya kikombe. Kitenge chake cha damu ya mzee alikuwa anakiita cha udongo. Na zile njia zenye mashimo zilikuwa njia zile zile za miaka yote. Familia ilikuwa imeyaita yote hayo uzee.

Uzee una mchango, lakini jina lake hasa ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi, safi kama kioo, na kadiri miaka inavyokwenda huanza kupata ukungu. Kwa watu wengi ukungu huo una unjano au ukahawia, hivyo mgonjwa huona dunia kama anayetazama kupitia chupa ya rangi: nyeupe inakuwa ya njano, nyekundu inafifia, na taa za usiku hutawanya miale. Hakuna maumivu. Kwa kuwa hali hiyo hutokea polepole, mwenyewe hajui kuwa rangi zimebadilika, na ndugu hawawezi kuingia ndani ya jicho lake wakaona anachokiona. Ndiyo maana ugomvi wa rangi kwenye picha ulisaidia kuliko miaka miwili ya kuulizwa "Bibi, unaona vizuri?", swali ambalo wazee wengi hulijibu kwa "ninaona, namshukuru Mungu".

Duniani kote mtoto wa jicho ndiyo chanzo kikuu cha upofu, na ni upofu unaoondoka kwa upasuaji. Dawa ya matone haiuyeyushi. Dawa za kienyeji za kutia jichoni, ambazo bado zinauzwa kwenye minada, haziondoi ukungu huo na zinaweza kuchoma kioo cha jicho kikabaki na kovu ambalo daktari hatalifuta.

Safari ya kwanza ilikuwa hospitali ya Vwawa, bibi akiwa kiti cha mbele cha basi dogo na simu ikiwa mkononi mwa mjukuu. Akasomeshwa chati ukutani, akamulikwa kwa tochi ndogo, akaelezwa kuwa macho yote mawili yana tatizo na la kulia limezidi. Akaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya.

Bibi hakutaka. Alikuwa amesikia jicho hutolewa likawekwa mezani, likisafishwa linarudishwa. Habari hiyo imezagaa katika vijiji vingi na inastahili kujibiwa badala ya kuchekwa. Jicho halitolewi. Daktari hulitia ganzi, mgonjwa akiwa macho na anasikia watu wakizungumza, kisha hufungua tundu dogo, hutoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia mahali pake. Kazi yenyewe kwa kawaida haimalizi saa moja, na wengi hulala nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Kuhusu fedha, sera ya afya nchini inawapa msamaha wa gharama wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Ila utambulisho huandaliwa mapema kupitia serikali ya kijiji au mtaa, na anayefika dirishani bila karatasi huwa anapoteza siku.

Zikapita wiki tatu za kusubiri tarehe. Katika wiki hizo Mlowo ilibadilika, na mjukuu hakuacha.

Kuna mti wenye miiba na gome kama la mpira mgumu, ambao huchanua ukiwa hauna hata jani moja. Maua yake ni mekundu ya kung'aa, yamesimama ncha za matawi kama ndimi za moto. Aliupiga picha nyingi kuliko alizopaswa. Mti huo ndio unaotoa zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huchezea bao na kutunga shanga. Zikae kwenye uzi na bao. Zina sumu mtoto akizitafuna, na mwenye mtoto wa miaka minne ajue ziko wapi.

Mijakaranda nayo ikachanua, maua ya zambarau yakatandazwa juu ya vumbi. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini umezoea kwetu kiasi kwamba Oktoba bila rangi yake haionekani kama Oktoba.

Kisha wakaja mbayuwayu. Hawa ndio walioishinda simu. Wengi wao ni wale wale ambao watu wa Ulaya huwatazamia Aprili, na wakiwaona wanajua baridi imekwisha. Huzalia huko, na joto linapopungua huruka maelfu ya kilomita kuja kusini mwa Afrika, wakipita na wengine kukaa kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, msimu wa wadudu unapokaribia. Kwa hiyo ndege mmoja anatangaza mwanzo wa mwaka mara mbili, kule na huku. Kwenye picha za mtoto wa Mlowo ni vidoa vyeusi juu ya nyaya za umeme, kimoja kina mkia.

Nyaya hizo zinafuata barabara kuu, na hapo mama aliweka sharti moja asilolegeza: picha za barabarani hupigwa akiwapo mtu mzima, na hakuna kuvuka lami kwa ajili ya ndege. Malori yanayoteremka hapo hayawezi kusimama ghafla, na mtoto anayetazama kioo cha simu hatazami kingine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na inayopita eneo hili, nayo ikawa chini ya sharti hilo hilo.

Siku moja ya katikati ya Oktoba walikwenda mbali zaidi, kwenye kimondo cha Mbozi, kwa kuwa mjomba alikuwa na safari ya upande huo. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 au zaidi, urefu wake kama mita tatu, likiwa kwenye kilima cha Marengi. Wenyeji walilijua tangu zamani, watafiti wa nje wakaliandika mwaka 1930. Watu wazima walipiga picha na chuma. Mtoto alipiga picha ya miche iliyokuwa ikichipua kati ya mawe. Mjomba alicheka sana, lakini hiyo ndiyo picha ambayo mama ameiweka kwenye uso wa simu.

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana ugomvi na simu, na haki yao. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na pungufu ya hapo ni bora. Kuna jambo jingine linalosemwa mara chache: tafiti zilizofanywa Asia ya Mashariki zimeonyesha kuwa watoto wanaopata muda mwingi nje mchana hawapati kwa wingi tatizo la kutoona mbali kama wanaoshinda ndani. Simu iliyotoka dakika 20 kwenda kuangalia mti ni simu tofauti na iliyolala nayo chini ya blanketi, hata kama ni ile ile.

Pia kuna hasara. Wiki ya tatu ya Oktoba hifadhi ya simu ilijaa. Mama, akiharakisha kupokea picha ya mzigo kutoka kwa mteja wa Tunduma, alifuta "picha za miti" bila kuuliza. Zikaondoka za Agosti zote na mbili za Septemba. Mtoto hakula chakula cha jioni. Mama alieleza, kisha akaomba radhi, jambo ambalo si kila nyumba wazazi hulifanya kwa mtoto, na Jumatatu akanunua memori kadi. Kwa bahati ile ya mti mwekundu ilikuwa imetumwa kwa mjomba, naye akairudisha ikiwa na tarehe yake.

Tarehe ina thamani kwa sababu kumbukumbu za watu hupishana. Baba wa familia hii alipoteza mbegu mwaka jana. Mvua moja kubwa ilinyesha mapema, akapanda, kisha zikaja siku nyingi za jua na mahindi yakakauka yakiwa na majani mawili. Mwaka huu alitaka mti umwambie. Lakini majani ya miombo yanafuata zaidi joto linaloongezeka na maji ya chini kuliko mvua inayokuja. Yanaonyesha kuwa msimu umegeuka, siku ya kupanda hayaijui. Kwa hilo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili, na maofisa ugani huupata. Baba alisikiliza vyote viwili. Mama kwa upande wake aliutumia mti kwa jambo dogo: ulipokuwa mwekundu alishusha vyandarua, akashona matundu na kuzibua mtaro wa nyuma ya nyumba, mbu wakiwa bado wachache.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwanzoni mwa Novemba. Alirudi Mlowo na kikinga jicho na chupa mbili za dawa ya matone, na masharti: asisugue jicho, asiinue ndoo, asikae penye vumbi. Hilo la mwisho ni gumu Mlowo, lakini mvua mbili zilikuwa zimeshanyesha na barabara imetulia. Kikinga kilipoondolewa aliomba aone mti.

Mti ulikuwa kijani.

Alisimama mlangoni, akautazama kwa mbali, akasema hata kijani hicho alikuwa amekisahau. Ndipo mjukuu akamletea ile picha ya Septemba. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akafumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto, kisha akafanya kinyume chake. Akarudia. "Huku kahawia," akasema, "huku nyekundu. Kumbe ulikuwa unaniambia kweli, na mimi nikakuita mwongo."

Kahawa ilikuwa inafuata. Machipukizi ya maua ya mkahawa hulala wakati wa kiangazi yakisubiri mvua ya kutosha, na baada ya mvua hiyo huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo kufunguka. Hufunguka kwa pamoja, shamba zima likawa jeupe kwa siku mbili tatu na harufu yake inakaribia ya asumini, kisha maua yananyauka, na safari ya kuelekea mavuno ya mwaka unaofuata imeanza. Bibi alihesabu siku tangu mvua ya pili na kumwambia mjukuu aache simu ikiwa na chaji Alhamisi. Ilikuwa Ijumaa.

Jicho la kushoto lina tarehe yake Januari. Kwa sasa, jioni, bibi huwekewa kiti barazani, mbali na barabara, mbayuwayu wakirudi kwenye nyaya. Huwahesabu kwa jicho moja. Jumapili alipata 14, mjukuu kwenye picha yake akapata 11. Mtoto akaikuza picha kwa vidole, akahesabu tena kwa sauti, mmoja mmoja.